Nioneshe kwanza ulichofunga kwenye kanga

Kijana mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alinifuata dirishani wiki iliyopita, simu mkononi. Amesoma kwamba tangu Julai 2023 madaktari maalumu wa Australia wanaruhusiwa kuwapa silosibini, kiini cha uyoga unaoleta maono, wagonjwa wa sonona iliyogoma kupona. Mama yake anaugua mwaka wa nne sasa. "Dokta, kwa nini asichanganyiwe na vidonge vyake, zisaidiane?"

Mimi ni mfamasia. Kwanza nilimwambia ukweli: hapa kwetu silosibini si tiba, ni dawa iliyopigwa marufuku. Lakini swali lake la kuchanganya ni la msingi kabisa.

Silosibini hufanya kazi kwa kushika vipokezi vya serotonini, kemikali inayobeba ujumbe kwenye ubongo, na dawa za sonona kama fluoksetini nazo zinagusa serotonini hiyohiyo. Wengi waliokwisha kuzitumia muda mrefu huona uyoga umepoa. Ndiyo maana majaribio mengi yaliwataka wagonjwa waache dawa zao kwanza, jambo linalonitia hofu, maana nimeona mtu akiachishwa dawa ghafla anavyorudi chini. Kule Basel, Uswisi, watafiti waliwapa watu 23 wenye afya esitalopramu, dawa nyingine ya sonona, kwa siku 14, kisha silosibini. Furaha haikupungua, wasiwasi ulipungua. Walikuwa wazima, na siku 14 si miaka minne. Hata hivyo imenipa matumaini.

Lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, ni habari nyingine. Watu walioichanganya na silosibini au LSD, dawa nyingine ya maono, wameripotiwa kupata degedege. Hapo sibishani na mtu.

Mchanganyiko uliokwisha kupitishwa rasmi ni wa esketamini ya kupuliza puani: Marekani waliiidhinisha mwaka 2019, itumike pamoja na kidonge cha sonona. Ni ndugu wa ketamini, dawa ileile ya nusukaputi ya vyumba vyetu vya upasuaji.

Lakini dawa ya tatu inaweza kuharibu yote. Niliwahi kumhudumia mteja wa methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, aliyeanzishwa dawa za kifua kikuu kwingine, bila sisi kuambiwa. Baada ya siku chache akaja anapiga miayo, kamasi zinamtoka, anatetemeka: arosto, mateso ya mwili unaokosa dawa uliyoizoea. Wenzake wakasema karudia unga. Hakurudia. Rifampisini, mojawapo ya dawa zile za kifua kikuu, ilikuwa imeliamsha ini lake, likawa linaichoma methadoni kabla haijamfaa. Ketamini nayo ini huichoma hivyohivyo. Yule mteja wa methadoni alisingiziwa, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo nilimwambia wa Ngamiani amlete mama, na kila anachomeza.

Mama alikuja Jumatatu. Nikamwamkia, akakaa, akafungua pindo la kanga taratibu: fluoksetini, amitriptilini aliyopewa na jirani apate usingizi, na tramadoli, dawa ya maumivu, ya goti aliyonunua duka la dawa. Zote tatu zinagusa serotonini, na tramadoli ikikutana na hizo mbili inaweza kuleta degedege.

"Mama, hii ya goti umeinywa lini?"

"Asubuhi hii, mwanangu."

Nikampigia daktari wake palepale.