Mipaka ya bahari kule ncha za dunia inachorwaje?

Ramani ya dunia ile imebandikwa kwa madarasa mengi hapa Nairobi haifai kabisa kwa hii mambo, juu inavuta nchi za kaskazini zinakuwa kubwa kupita kiasi na Ncha ya Kaskazini yenyewe inakosa pa kukaa. Wanaochora mipaka ya huko wanatumia ramani ya kuangalia dunia kutoka juu, ncha iko katikati, Urusi, Kanada, Marekani, Norway na Greenland ya Denmark zimeizunguka.

Hesabu inaanzia ufuoni, pale maji yanafika yakikupwa, na lazima iwe nchi kavu, barafu inayoelea haihesabiki hata iwe nene aje. Maili 12 za baharini ni maji yako, halafu hadi maili 200, karibu kilomita 370, samaki na mafuta ni vyako lakini meli za wengine zinapita tu. Sasa kutoka Greenland hadi ncha ni kama kilomita 700, hiyo ndiyo nchi kavu ya karibu zaidi, kwa hivyo maili 200 za mtu yeyote hazifiki na maji ya hapo hayana mwenyewe.

Kinachogombaniwa ni sakafu ya bahari, ile ardhi iko chini ya maji. Sheria ya bahari ya 1982 inakuruhusu kudai hata kupita maili 200 ukionyesha sakafu ni mwendelezo wa bara lako, na Urusi, Denmark na Kanada zote zinadai safu ya milima ya Lomonosov inayopita chini ya ncha. Urusi ilisimamisha bendera huko chini 2007, zaidi ya mita 4,200, lakini bendera haihamishi mpaka, tume ya Umoja wa Mataifa inaangalia vipimo vya kina na mawe.

Majirani nao wanabishana. Kwa Bahari ya Beaufort, ile iko kaskazini ya Alaska na Kanada, Kanada inataka laini ifuate longitudo 141 moja kwa moja, Marekani inataka igawe katikati. Wakenya tunaujua huo ubishi vizuri, sisi tulitaka laini ifuate latitudo, Somalia ikataka ya katikati, Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) kule Hague ikachora yake 2021. Norway na Urusi zilielewana zenyewe 2010, baada ya miaka kama 40.

Ndio maana napinga ramani zinazochora laini zote kwa wino mmoja, iliyokubaliwa na inayodaiwa tu.

Kusini ni tofauti kabisa. Nchi saba zinadai vipande vya Antaktika, vya Uingereza, Chile na Argentina vinapandana, na mkataba wa 1959 haukubali wala kukataa dai la yeyote. Kama ufuo hauna mwenyewe anayetambulika, hizo maili 200 utampimia nani?