Halloween kwa watoto wa awali: kinyago kivaliwe mbele yao

Kosa nililifanya mwenyewe, mlangoni pa darasa. Usiku wa kuamkia 31 Oktoba, siku ya Halloween, ile sherehe ya Wamarekani ya watoto kuvaa vinyago na kuomba vitu vitamu nyumba kwa nyumba, nilikuwa nimekata boksi la biskuti, nikalipaka rangi ya chungwa, nikatoboa macho na kuchora meno. Asubuhi nikajibanza nyuma ya mlango na lile boksi usoni. Watoto wakaja mbio kama kawaida yao, na ile "Shikamoo Ticha" ikawafia mdomoni. Wawili walicheka. Waliobaki waliangua kilio, mmoja akajikojolea, na mwingine akaigandia kanga ya bibi yake. Huyo aligoma kuingia darasani siku nne. Bibi hakunigombeza, aliniuliza tu: "Mwalimu, mjukuu wangu ulimfanya nini?"

Niko Kigoma mjini na nafundisha watoto wa miaka mitatu hadi sita. Darasani kwangu wamo watoto wa wavuvi wa Kibirizi, wa wafanyabiashara wa Mwanga, na wachache ambao wazazi wao wanafanya kazi na mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi. Mama mmoja wa Kimarekani ndiye aliyeomba tuwafanyie watoto Halloween kidogo, kwa vile binti yake alikuwa anaililia. Nilikubali haraka kuliko nilivyofikiri. Tangu hapo nimeifanya mara kadhaa, na walimu wenzangu huniuliza naifanyaje bila watoto kulia na bila wazazi kuja juu.

Nianze na kilio, kwa sababu kina maelezo yake. Mwaka 1969 mtafiti Mmarekani, Rheta DeVries, alichapisha utafiti alioufanya kwa kutumia paka mpole aliyeitwa Maynard. Watoto walimpapasa Maynard, wakakubali ni paka. Kisha DeVries akaficha upande wa kichwa tu, kiwiliwili na mkia vikabaki mbele ya macho yao, akamvisha paka kinyago cha mbwa mkali. Akawauliza: sasa huyu ni mnyama gani? Anaweza kubweka? Watoto wengi wa miaka mitatu walimchukulia kuwa mbwa, ingawa mkia haukuwatoka machoni hata dakika moja. Wa miaka sita walijua ni paka yuleyule aliyevishwa kitu.

Niliposoma habari hiyo nilitamani kumrudia yule bibi nimweleze. Mjukuu wake hakumwona Ticha aliyevaa boksi. Alimwona Ticha wake ametoweka na dude limesimama mahali pake. Mtu mzima anayemwambia mtoto huyo "acha woga, ni mimi" anamtaka afanye hesabu ambayo kichwa chake bado hakijaifikia.

Basi siku hizi hakuna kinyago kinachoingia darasani kikiwa tayari usoni. Tunavitengeneza pamoja wiki moja kabla, kwa maboksi, gundi ya unga na rangi, na vinakaa kwenye kona ya maigizo pamoja na kioo. Mtoto anajivisha mwenyewe, anajitazama, anavua, anajitazama tena. Nyuma ya kila kinyago tunagundisha kijiti ili kishikwe mkononi, hakifungwi kwa uzi kichwani. Mwenye kijiti anakishusha akitaka, na anayeogopa anaona mara moja uso wa rafiki yake. Mimi nikivaa, navaa mbele yao, polepole, huku naongea ili sauti yangu isikatike. Kuna mtoto hupenda kunivua yeye, kisha anacheka kama amefumbua fumbo, na tunarudia hata mara kumi. Hapo ndipo somo lenyewe lilipo, kwa maoni yangu. Mapambo mengine yote yanaweza kuachwa.

Wazazi wana maswali tofauti. Mwaka wa pili niliitisha kikao kabla, maana fununu zilishafika Ujiji kwamba shule inafundisha watoto mambo ya mashetani. Niliwaeleza nilichokijua. Jina Halloween lina maana ya mkesha wa Watakatifu Wote, na Wakatoliki waliokuwapo waliitambua mara moja sikukuu yao ya 1 Novemba, inayofuatwa na kumbukumbu ya marehemu wote tarehe 2. Huko Ireland, tarehe hizo zilikutana na Samhain, sikukuu ya kale ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, ambapo watu waliamini wafu hukaribia nyumba za walio hai. Uingereza ya zamani maskini walipita nyumba hadi nyumba wakipewa vikate, nao wakawaombea marehemu wa nyumba ile. Waairishi walichonga sura kwenye tanipu, mzizi ulio ndugu wa figili, wakaweka mwanga ndani. Walipohamia Marekani kwa wingi karne ya 19, hasa baada ya njaa ya viazi iliyoanza 1845, wakakuta boga ni kubwa na laini kuchonga. Mzee mmoja, baba wa Kiislamu, alisikiliza hadi mwisho akasema, "Kwa hiyo ni hitima yao imegeuka mchezo wa watoto." Sikuwa na la kuongeza. Tulikubaliana kwamba asiyetaka mwanawe ashiriki atasema, naye siku hiyo ataungana na darasa la kwanza bila kuulizwa sababu. Wazazi watatu walisema hivyo, na mpaka leo tunasalimiana vizuri.

Kuna mambo niliyoyakataa mimi kabla ya mzazi yeyote kuyasema. La kwanza ni mchawi. Marekani bibi kizee mwenye kofia ndefu na ufagio ni pambo la ukutani. Sisi wa Kigoma tunataniwa nchi nzima kwa radi na uchawi, na utani huo tunauvumilia, lakini magharibi hii kuna vikongwe waliouawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na macho hayo yaliiva kwa moshi wa kuni za kuwapikia wajukuu. Siwezi kumfundisha mtoto wa miaka minne kwamba bibi kizee ni kitu cha kukimbia huku tukicheka.

La pili ni kupaka uso unga kuwa mzimu. Watu wenye ualbino wamewindwa katika mikoa yetu kwa imani za kishirikina, kiasi kwamba Kabanga, kule Kasulu, watoto walipelekwa kuishi shuleni ili wawe salama. Uso mweupe hapa kwetu una mwenyewe, na mwenyewe huyo anaweza kuwa amekaa dawati la mbele.

Wanavaa nini basi? Waulize uone. Mwaka jana nilikuwa na sokwe wanne, maana Gombe iko jirani na wengi wamesikia habari za masokwe. Alikuwapo dereva wa bodaboda mwenye kofia ya ndoo, mama muuza dagaa na ungo wake, samaki mgebuka mmoja aliyeshindwa kukaa kwa sababu ya mkia, na mtoto aliyesisitiza yeye ni treni. Mwisho wa reli hapa, treni lazima liwepo.

Boga nalitafuta Mwanga sokoni siku mbili tatu kabla. Kukata nakata mimi, nimewapa mgongo meza yao, na kisu kinarudi jikoni papo hapo. Kazi ya watoto ni kuchokonoa ndani kwa mikono. Wapo wanaoifurahia na wapo wanaokunja uso, na hawa nawapa kijiko. Mbegu tunaziosha, tunazianika kwenye ungo, tunazihesabu kwa mafungu ya kumi. Kabla ya kupasua kila mmoja anakisia zimo ngapi. Wapo wanaosema tano, na yupo aliyesema milioni. Nyama ya boga mpishi anaichemsha tunakula saa nne badala ya uji. Ndani ya sura iliyochongwa naweka tochi ndogo. Mshumaa siuweki, kwa sababu nguo za maigizo ni maboksi na vitambaa chakavu vinavyoshika moto upesi.

Zawadi nazo ziangaliwe. Pipi ngumu na karanga nzima simpi mtoto aliye chini ya miaka minne, zinakaba koo. Ndizi mbivu zinatosha, au chungwa lililomenywa, na visheti laini kwa wakubwa.

Sehemu ya kuzunguka nyumba kwa nyumba ndiyo iliyonisumbua zaidi. Desturi ya Marekani mtoto hugonga na kusema, kwa maneno yetu, nipe kitu kitamu nisije nikakufanyia kituko. Nilimsimulia mpishi wetu, dada mtu mzima, akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Mtoto aje mlangoni kwangu anitishie? Na nimpe?" Nikaona ana haki. Sisi mlangoni tuna neno letu tayari, tena lina kanuni: unapiga hodi, unangoja karibu, ukipiga ya tatu kimya unaondoka. Kwa hiyo watoto wangu wanazunguka ndani ya uzio wa shule: jikoni, ofisini, kwa mlinzi, darasa la kwanza. Wanapiga hodi, wanangoja, wanaamkia, kisha wanaimba wimbo mmoja ndipo wanapewa. Kungoja ndiko kugumu kwao. Mlinzi wetu alijua hilo, akakaa kimya makusudi hadi hodi ya tatu. Treni akageuza kichwa kuondoka, huku machozi yakimlengalenga, ndipo mzee akaitikia kwa sauti kubwa, "Karibuni!" Nilimwambia mwakani asirudie. Alisema kanuni ni kanuni.

Huko Marekani Oktoba ni mwisho wa mavuno. Kwetu mvua ndiyo kwanza zinaanza, kwa hiyo boga letu halitupwi. Sura ile inaachwa siku tatu nje ya dirisha, watoto wanaitazama ikinywea na kuota ukungu, kisha tunaifukia nyuma ya jiko na kupanda juu yake mbegu tulizobakiza. Mwaka jana yaliota mashina matano. Mbuzi wa jirani akala matatu mchana kweupe, na darasa zima lilimsimamia dirishani likimlaumu kwamba ameingia bila hodi.