Filamu ya taarifa kwa umma si kila tangazo la serikali

Siku hizi video yoyote fupi yenye nembo ya wizara huitwa filamu ya taarifa kwa umma. Waziri akihimiza watu walipe kodi, ni filamu ya taarifa kwa umma. Benki ikionya kuhusu matapeli wa simu, huku ikitaja jina lake mara tatu, nayo imo. Hata filamu ndefu za kuonyeshwa shuleni zimetiwa kwenye kapu hilohilo. Hakuna anayekufa kwa kosa hili, lakini limezidi, na linaficha jambo lenyewe linalozifanya filamu hizo zifanane jinsi zinavyofanana.

Maana yake kwa haraka: ni filamu fupi, aghalabu isiyozidi dakika moja na mara chache ikifika mbili au tatu, iliyoagizwa na serikali ya Uingereza kupitia Ofisi Kuu ya Taarifa (COI), ikapewa vituo vya televisheni bure, navyo vikairusha bure, kwa saa vilivyochagua vyenyewe. Basi.

Wengi hushika nusu ya kwanza ya maelezo hayo. Wanaona serikali, wanaona onyo, wanaridhika. Nusu ya pili ndiyo yenye uzito: muda wa hewani haukununuliwa, na mtengenezaji hakujua filamu yake itaonekana lini. Ofisini COI walikuwa na jina lao la kazi kwa filamu hizi, nalo halikuwa na makuu: vijazio. Ni vitu vya kujaza pengo.

Pengo lilitoka wapi? COI ilianzishwa Aprili 1946 kurithi kazi za Wizara ya Habari ya wakati wa vita. Miezi miwili baadaye televisheni ya BBC, iliyozimwa vita vilipoanza, ikarudi hewani. BBC haikuwa na matangazo ya biashara, na vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja. Kipindi kilichopangiwa dakika 30 kikimalizika kwenye dakika ya 28 na nusu, zimebaki sekunde 90 ambazo haziwezi kurukwa, maana kinachofuata kimetangazwa magazetini kwa saa yake. Kisha, Septemba 22, 1955, ikaja ITV (ya Uingereza, si ile ya Mikocheni). Hiyo iliishi kwa matangazo, kwa wastani wa dakika 6 kwa saa, lakini si dakika zote zilipata mnunuzi. Mchana watazamaji ni wachache, na usiku wa manane wafanyabiashara hawataki kulipa. Nafasi isiyouzwa haiwezi kuachwa nyeusi. Kituo kikifungua kabati lake na kukuta filamu ya sekunde 40 inayofundisha kukagua tairi, kinaitia.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini kizazi kizima cha Waingereza kinakumbuka filamu hizi kama vitu vya watoto na vya usiku. Hakuna aliyepanga hivyo. Saa za watoto wanaporudi shule na saa za kufunga matangazo ndizo zilizokuwa na mashimo.

Pengo hilo likaamua pia umbo la filamu zenyewe. Mwandishi wa kijazio hakuweza kusema "kesho", "wiki hii", wala "kuanzia mwezi ujao", kwa sababu kopi ingeweza kukaa kituoni miaka mitano au zaidi na kutolewa siku yoyote. Ilibidi ashughulike na hatari isiyo na tarehe, kama kuzama, moto, umeme, barabara na kemikali za nyumbani. Haikuwezekana pia kuigusa siasa yenye ubishi, kwa kuwa kituo kilichokuwa kikitoa muda wake bure kisingekubali kutumiwa na chama chochote. Palipokuwa na sheria, filamu ilizeeka vibaya. Zile zilizowaomba madereva wafunge mikanda kwa hiari yao zilikufa Januari 31, 1983, mkanda wa kiti cha mbele ulipokuwa lazima, na kopi zake ilibidi ziondolewe kwenye makabati, la sivyo kituo kingeendelea kumsihi mtu afanye jambo ambalo polisi wanamtoza faini kwa kutolifanya.

Urefu nao ulifuata pengo. Tangazo la kulipiwa lina vipimo vya duka, sekunde 15, 30 au 60. Kijazio kingeweza kuwa na sekunde 43, na hilo lilikuwa faida, maana fundi wa zamu anatafuta kinachokaribiana na shimo lake.

Halafu kuna sauti, jambo ambalo wanaotengeneza video za kuigiza mtindo wa zamani hulikosea karibu kila mara. Kwenye kopi ya milimita 16 yenye sauti ya optiki, yaani sauti iliyochapwa ukingoni mwa filamu na kusomwa kwa mwanga, sauti haichapwi kando ya picha yake. Huchapwa fremu 26 mbele, kwa sababu kwenye mashine kisoma-sauti hakipo palepale penye lango la picha, mahali picha inapomulikwa. Filamu hulipita lango kwanza, kisha husafiri kidogo hadi kwenye kisoma-sauti. Kwa mwendo wa televisheni ya Ulaya, fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni zaidi kidogo ya sekunde nzima. Kwenye milimita 35 tofauti ni fremu 20, sekunde 0.8. Sasa fundi anapounganisha filamu kadhaa ziwe rili moja ya mapumziko, hukata utepe wa mwanzo wa kila moja, ule mtupu unaotangulia picha. Akiukata, amekata pia sauti ya sekunde ya kwanza ya picha, maana ilikuwa imechapwa kwenye utepe huo. Filamu ikianza na neno, neno hilo limekwenda na maji. Kwa hiyo fungua kimya: bwawa, mlango, sufuria jikoni, ndipo mtu aseme. Wanaodhani ule ukimya wa mwanzo ni ufundi wa kutisha hawajakosea kabisa, ila ulianza kama tahadhari ya mkasi.

Mfano mzuri ni filamu ya 1973 kuhusu maji yaliyotuama, ya sekunde 90, iliyosomwa na mwigizaji Donald Pleasence. Kiumbe aliyevaa joho jeusi, uso hauonekani, anasimama kando ya madimbwi ambako watoto wanachezea, na sauti yake inajitambulisha kama roho ya maji hayo. Mtoto anaufikia mpira, ukingo unateleza. Mwingine anashika tawi lililooza. Kisha watoto wenye akili wanafika, kiumbe anapoteza nguvu, joho linabaki tupu ardhini, na mmoja wao analitupa majini. Hakuna namba ya simu, hakuna nembo ya kampeni, hakuna tarehe wala jina la bwawa. Ingeweza kurushwa alasiri yoyote ya mwaka wowote, na kweli iliendelea kurushwa kwa miaka. Mwaka huohuo ulileta katuni za paka Charley, aliyetoa milio tu, huku mtoto akitafsiri kwamba Charley anasema usiende na mtu usiyemjua, au usichezee kiberiti. Sauti ya paka ilikuwa ya mtangazaji Kenny Everett. Ni vijazio vilevile, ila vimekusudiwa watoto ambao hawajaanza kusoma, ndiyo maana hakuna maandishi ya kutegemewa kwenye picha.

Sasa tuje kwenye mkanganyiko wenyewe. COI hiyohiyo ilinunua pia matangazo. Wizara ikitaka ujumbe uonekane wiki fulani, saa fulani, mara kadhaa kwa usiku mmoja, kijazio hakifai. Unakata tiketi kama mfanyabiashara yeyote. Kampeni ya UKIMWI ya 1986 na 1987, yenye jiwe kubwa la kaburi likichongwa, iliyoongozwa na Nicolas Roeg na kusomwa na John Hurt, ilikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa na bajeti na ratiba, na iliambatana na kipeperushi kilichopelekwa kila nyumba. Leo inawekwa kwenye orodha za "filamu za taarifa kwa umma" zinazotisha zaidi. Inatisha kweli. Lakini kijazio hakiwezi kupangwa kiende sambamba na posta. Ukiziweka pamoja utashindwa kueleza kwa nini moja ilionekana na taifa zima ndani ya majuma machache kisha ikatoweka, na nyingine ikaonekana kidogokidogo kwa miaka kumi.

Kosa la pili ni filamu ndefu. Ile ya mwaka 1977 kuhusu watoto wanaokufa mmoja mmoja shambani, ina karibu dakika 27. Ile ya reli ya mwaka huohuo, ambamo mashindano ya michezo ya shule yanafanyika juu ya njia ya treni, ina takriban dakika 20. Hiyo haikuwa hata ya COI bali ya kitengo cha filamu cha shirika la usafiri, na iliondolewa 1979 baada ya malalamiko. Hizi zilikusudiwa madarasa na kumbi, mwalimu akiwa amesimama kando na majadiliano yakifuata. Baadhi zilipata kurushwa, ndiyo, lakini kipindi cha dakika 27 hakizibi pengo la sekunde 40. Kinahitaji pengo lake.

Mfano unaopima maana hadi ukingoni ni mfululizo wa filamu fupi 20 kuhusu kujikinga na shambulio la nyuklia, uliotengenezwa katikati ya miaka ya 1970 kwa sauti ya Patrick Allen. Ulikuwa mfupi, wa serikali, na usio na malipo ya muda, lakini uliwekwa kabatini kwa amri: usirushwe hadi serikali ione vita viko mlangoni. Machi 1980 kipindi cha uchunguzi cha BBC kikaonyesha vipande vyake, na tangu hapo watu wamezoea kusema zilikuwa zikirushwa usiku kati ya vipindi. Hazikurushwa hivyo. Kwa umbo ni vijazio, kwa matumizi si vijazio, na mimi ningeziacha nje, ingawa ninajua wapo watakaonibishia.

Marekani wana kitu cha karibu, ila mzizi wake ni mwingine, na hapa ndipo tafsiri za mtandaoni huvuruga mambo. Kule kazi haikuagizwa na ofisi ya serikali inayotengeneza filamu. Ilianza 1942 na baraza la watu wa matangazo waliojitolea kusaidia juhudi za vita, kisha likaendelea kwa amani: wakala anatengeneza bila malipo, kituo kinarusha bila malipo, na shirika lenye hoja linalipia gharama za utengenezaji. Wakati mmoja muda huo wa bure ulikuwa wa lazima. Mwaka 1967 tume ya mawasiliano ya Marekani iliamua kwamba kituo kinachorusha matangazo ya sigara lazima kitoe pia muda wa kutosha kwa wanaozipinga. Filamu dhidi ya sigara zikajaa hewani, tena saa zenye watazamaji. Januari 2, 1971 marufuku ya matangazo ya sigara redioni na kwenye televisheni ikaanza kufanya kazi, wajibu wa kusawazisha ukaisha nayo, na filamu za upande wa pili zikapungua ghafla. Wanaopenda kusema "ujumbe mzuri hujitafutia nafasi" wautazame mwaka huo. Uliopungua ni muda wa bure, si ubora wa ujumbe.

Kwetu Afrika Mashariki kuna uhusiano wa kweli, lakini si ule unaodhaniwa. Kitengo cha Filamu za Makoloni kilianzishwa 1939 ndani ya Wizara ya Habari ileile ya London ambayo COI ilirithi kazi zake. Kilifanya kazi kwa magari ya sinema: jenereta, projekta ya milimita 16, kitambaa cheupe, na mkalimani mwenye kipaza sauti anayeieleza filamu kwa lugha ya mahali. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba watazamaji wa Kiafrika wanahitaji picha za polepole, zisizokatwakatwa na zisizo na ujanja wa kamera, dhana ambayo imekosolewa sana tangu hapo, na kwa haki. Filamu zilizotokana na dhana hiyo ni ndefu na za taratibu, watu wamekusanyika uwanjani kuzitazama. Kijazio ni kinyume chake kwa kila kipimo, kwani mtazamaji wake hakukusudia kukiona.

Na mwaka uleule wa 1973, Waingereza wakiogopeshwa na joho jeusi, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, na haikuwa nacho hadi 1994. Kampeni kubwa ya afya ya mwaka huo, Mtu ni Afya, ilipita redioni na kwenye vikundi vya kusikiliza, ikafikia watu takriban milioni 2 katika wiki 12, na vyoo vikachimbwa kweli. Kuiita ile mtangulizi wa filamu za taarifa kwa umma, kama inavyotokea, ni kuipunja. Ilikuwa na ratiba, vitabu, viongozi wa vikundi na kazi ya kufanya baada ya kipindi, wakati kijazio hakikuwa na kimojawapo.

Vijazio vilififia mapengo yalipofifia. Vituo vya ITV vilianza kurusha saa 24 katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na kila sekunde iliyobaki ikawa nafasi ya kunadi vipindi vya kituo chenyewe. COI yenyewe ilifungwa katika mwaka wa fedha wa 2011/12.

Kwa hiyo ukiona video ya wizara imewekwa katikati ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mara tatu kwa juma, uliza nani alilipia muda huo. Kama ulinunuliwa, liite tangazo la kampeni. Kama kituo kiliutoa bure na kuchagua saa chenyewe, jina la filamu ya taarifa kwa umma linakaa vizuri. Na kama hujui nani alilipa, sema tu tangazo la serikali. Ni jina sahihi, na hakuna atakayekusahihisha.