Kupita gari la dharura lililosimama: sheria inataka nini, na faini ya haki ni ipi

Katika mafunzo ya madereva tunayotoa, swali la ambulensi inayokuja nyuma yako na king'ora halimsumbui mtu. Kila mmoja anajua kwamba unaipisha. Ubishi huanza ukiuliza hivi: ambulensi hiyohiyo umeikuta imesimama kando ya barabara, vimulimuli vinawaka, na njia yako wewe iko wazi. Utafanyaje? Wapo wanaojibu kwamba wanapita tu, kwani hakuna aliyewazuia. Wengine wanasema wanasimama kabisa mpaka iondoke. Jibu la kwanza limeshaua wahudumu wengi, na la pili linaweza kukufanya ugongwe kwa nyuma.

Sheria za nchi zilizoligusa jambo hili zinafanana katika msingi wake. Kama upande wako una njia mbili au zaidi, hama ile iliyo jirani na gari lililosimama, uiache tupu. Kama huwezi kuhama kwa usalama, kwa sababu kuna magari ubavuni mwako au njia ni moja tu, punguza mwendo hadi kiwango ambacho mtu akijitokeza ghafla unaweza kusimama. Tofauti ziko kwenye kiasi cha kupunguza na aina ya magari yanayolindwa. Mwanzoni walifikiriwa polisi, zimamoto na ambulensi. Siku hizi sehemu nyingi zimeongeza magari yanayovuta mengine yaliyoharibika, na baadhi humlinda hata dereva wa kawaida aliyekwama na kuwasha taa za hatari. Hilo la mwisho tunaliunga mkono kwa nguvu zote, maana anayebadilisha tairi kando ya barabara hana hata koti la kung'aa.

Mtazame mhudumu wa ambulensi anapopakia mgonjwa. Milango ya nyuma iko wazi, mikono yake miwili imeshika machela, na mgongo ameuelekeza kwenye magari yanayokuja. Hakuoni. Hata akisikia tairi zikilia, hawezi kuruka pembeni, kwa sababu akiachia machela mgonjwa anaanguka. Dereva wa gari la kuvuta naye ameinama kufunga mnyororo, miguu iko hatua moja tu kutoka kwenye mstari wa njia yako. Watu hawa wamezuiwa na kazi yenyewe wasiweze kujilinda, ndiyo maana sheria inamtwika wajibu anayepita.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1994, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, mhudumu wa ambulensi aitwaye James Garcia aligongwa akiwa kazini kwenye eneo la ajali. Alipona, lakini taarifa ya polisi ilimhesabu yeye ndiye mwenye kosa, kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyomlinda mtu anayefanya kazi barabarani namna ile. Akaanza kampeni, na mwaka 1996 jimbo hilo likapitisha sheria ya kuhama njia. Majimbo mengine yalifuata moja baada ya jingine, na kufikia mwaka 2012 yote 50 yalikuwa na sheria ya aina hiyo.

Sasa tuje kwenye mwendo, maana hapo ndipo haki na usalama vinapogusana. Gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa hupita takribani mita 30 kila sekunde. Dereva wa kawaida huchukua kama sekunde moja na nusu kuona jambo, kuamua na kufikisha mguu kwenye breki, na muda huo gari limeshakwenda mita 46. Ongeza umbali wa breki kwenye lami kavu na tairi nzuri, jumla inapita mita 110. Kwa kilomita 40 kwa saa, hesabu hiyohiyo inatoa kama mita 26. Hakuna ujuzi wa udereva unaofuta pengo hilo.

Lakini takwimu hizo zina upande wa pili ambao watunga sheria wamewahi kuusahau. Dereva anayetoka kilomita 110 kwenda 40 ghafla, baada ya kona au mlima, anakuwa yeye mwenyewe kizuizi kwa lori lililo nyuma yake. Jimbo la New South Wales, Australia, lilijifunza hilo kwa vitendo. Septemba 2018 lilianza kutekeleza sheria ya kilomita 40 kwa kila gari linalopita gari la dharura lililosimama na kuwasha taa nyekundu au bluu, barabara iwe ya mtaani au kuu. Madereva, hasa wa malori, walilalamika kwamba kufunga breki kwa nguvu kwenye barabara za kasi kunazua hatari mpya. Mwaka mmoja baadaye sheria ikarekebishwa: kilomita 40 ikabaki kwa barabara zenye kikomo cha 80 au chini ya hapo, na kwenye barabara za 90 au zaidi dereva akatakiwa kupunguza hadi mwendo ulio salama kwa mazingira na kuwapa wahudumu nafasi ya kutosha. Papo hapo magari ya kuvuta yenye taa za njano yakaingizwa kwenye ulinzi. Huo ni mfano mzuri wa serikali kusikiliza bila kuwatupa waliokusudiwa kulindwa.

Tukio hilo linatupa kipimo cha kwanza cha faini ya haki: je, dereva aliweza kutii? Kama gari la polisi limesimama mita chache baada ya kona kali, vimulimuli havionekani mpaka umefika, na ofisa anaandika faini kwa kila anayepita, hiyo faini haimlindi mtu. Inakusanya fedha tu. Vilevile kama umma haujaelimishwa, mabango hayapo na mtihani wa leseni haugusi kanuni hiyo, miezi ya mwanzo iwe ya maonyo. Maneno kama "mwendo wa busara" nayo yanahitaji ushahidi: picha, kipimo cha mwendo, au maelezo ya ofisa yanayoonyesha njia ya pili ilikuwa wazi na dereva hakuhama.

Kipimo cha pili ni uzito wa faini kwa anayeilipa, na hapa tunasema wazi kwamba mfumo wa kiwango kimoja kwa wote una kasoro. Kiasi kilekile kinaweza kuwa kodi ya nyumba kwa mmoja na chakula cha jioni kwa mwingine, na yule wa pili hatabadilika. Finland, kwa makosa makubwa ya mwendo, hutoza faini kwa siku za kipato: ukubwa wa kosa huamua idadi ya siku, na kipato chako huamua thamani ya kila siku. Mwaka 2023, kwenye visiwa vya Åland, mfanyabiashara tajiri aliyekwenda kilomita 82 kwa saa penye kikomo cha 50 alitozwa euro 121,000. Wengi walishtuka, lakini kosa lilikuwa lilelile ambalo fundi au mwalimu angetozwa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho.

Jimbo la Illinois, Marekani, limechukua njia nyingine. Sheria yake ya kuhama njia, inayobeba jina la Scott Gillen, ofisa wa zimamoto wa Chicago aliyeuawa mwaka 2000 na dereva mlevi akiwa kwenye eneo la ajali, inaruhusu faini ya kuanzia dola 250 hadi 10,000 kwa kosa la kwanza. Uwanda mpana hivyo unampa hakimu nafasi ya kumtofautisha aliyepitiwa na aliyepita kwa kasi pembeni ya miguu ya mtu. Hatari yake ni kwamba bila mwongozo, watu wawili wenye kosa moja watatoka mahakamani na adhabu mbili tofauti kabisa. Maoni yetu ni kwamba kosa la kwanza lisilomhatarisha mtu liishie kwenye onyo na somo fupi, na la kumkaribia mhudumu kwa kasi liguse leseni, kwa sababu leseni humuuma tajiri na maskini.

Ukiandikiwa faini na unaamini hukutendewa haki, usibishane barabarani, maana huko nako unasimamisha mtu mwingine pembeni ya magari. Chukua notisi, angalia kifungu kilichotajwa, saa na mahali. Ukishafika salama, andika uliona nini kutoka umbali gani, kulikuwa na gari ubavuni au la, na hali ya mwanga ilikuwaje. Kama una kamera ya gari, hifadhi picha kabla hazijafutwa na mpya. Peleka utetezi ndani ya muda ulioandikwa kwenye notisi, kwa sababu ukiupita, hata hoja nzuri mara nyingi haisikilizwi.