Monita au runinga kwa gemu na filamu: yanayosemwa na yalivyo

Mpwa wangu alinijia akilalamika kwamba pedi yake ya kuchezea gemu imekufa. Akibonyeza kitufe cha kuruka, mhusika wake anaruka akiwa ameshatumbukia shimoni. Alikuwa ameazima pedi ya rafiki yake akajaribu nayo, mambo yakawa yaleyale. Nikachukua rimoti ya runinga, nikaingia kwenye mipangilio ya picha, nikatoa modi ya filamu na kuweka modi ya gemu. Akabonyeza tena, akanigeukia kwa mshangao. Pedi ilikuwa nzima siku zote.

“Runinga ni nzito kwenye gemu, monita ni nyepesi”

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu fedha nyingi kuliko zote. Uzito huo, yaani kuchelewa kuitikia, hauko kwenye kioo. Uko kwenye kazi inayofanyika tangu picha inapoingia kupitia kebo mpaka inapofika machoni pako. Runinga imeundwa kwanza kwa ajili ya filamu na matangazo, kwa hiyo picha ikiingia inashikwa kidogo: inaondolewa chenga, inanolewa kingo, inakolezwa rangi, na mara nyingi inabuniwa fremu (picha mojamoja zinazojenga mwendo) za katikati ili mwendo uonekane laini. Kwenye filamu huhisi chochote, maana sauti nayo inacheleweshwa vilingane. Kwenye gemu, kila hatua inakula muda wako. Runinga iliyo kwenye modi ya filamu inaweza kuchelewa milisekunde 100 na zaidi. Kwa gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde, hizo ni fremu 6: adui ameshapiga, wewe bado unaona anainua mkono.

Ukiweka modi ya gemu, runinga nyingi za miaka ya karibuni zinashuka chini ya milisekunde 20. Zenye uwezo unaoitwa ALLM zinahamia modi hiyo zenyewe mara konsoli, yaani mashine ya gemu, inapoziambia kwamba gemu imeanza. Kwa hiyo kabla hujaiuza runinga yako ununue monita, fungua kwanza menyu ya picha. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakinunua kifaa kipya kutibu ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kwenye rimoti.

“Imeandikwa 1 ms, basi haichelewi”

Namba hiyo, yaani milisekunde 1, inataja muda ambao pikseli (nukta moja ya picha) inatumia kubadilika kutoka kijivu kimoja kwenda kingine. Haisemi lolote kuhusu safari ya kutoka kidole chako hadi kwenye kioo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na monita inaweza kusifika kwa moja ikawa dhaifu kwa lingine.

Tena hiyo 1 ms mara nyingi hupatikana kwa kusukuma pikseli kwa nguvu ya mwisho. Jaribu mwenyewe: weka msukumo huo (menyu nyingi huuita Overdrive) kiwango cha juu kabisa kwenye menyu ya monita, kisha buruta dirisha jeusi juu ya mandhari ya kijivu. Nyuma ya ukingo wake utaona mkia mweupe ukiburutika. Pikseli imepitiliza rangi iliyotakiwa, sasa inarudi. Shusha kiwango hadi cha katikati na mkia unapungua au unatoweka. Mimi huishia hapo katikati kwenye karibu kila monita ninayoigusa.

“Jicho la mtu halioni zaidi ya fremu 60”

Jicho halihesabu fremu, lakini mapengo linayaona. Chukua skrini yenye pikseli 1920 kwa upana, pitisha kishale cha mausi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa nusu sekunde. Kwenye hezi 60, yaani skrini ikichora upya mara 60 kwa sekunde, kishale kitachorwa mara 30, na kati ya mchoro na mchoro kuna pengo la pikseli 64. Kwenye hezi 120 pengo ni pikseli 32. Ukitazama kwa makini unaona vishale vingi vilivyopangana kama ngazi, na ngazi ya hezi 60 ina hatua ndefu mara mbili. Hakuna haja ya kubishana, mausi inatosha kuwa shahidi.

Ila namba kubwa haina faida kama chanzo hakiitoi. Konsoli za PS5 na Xbox Series X, zilizoingia sokoni Novemba 2020, zinaishia hezi 120. Mwenye konsoli peke yake akinunua monita ya hezi 240, nusu ya alicholipia haitaguswa kamwe. Na kwenye runinga kuwa mwangalifu zaidi: zipo zinazotangazwa kwa namba kama 240 huku kioo chake kikichora mara 60 tu kwa sekunde, hizo nyingine ni hesabu ya matangazo tu. Unganisha kompyuta, fungua mipangilio ya skrini, uone orodha ya hezi inazokubali kweli. Hapo runinga haiwezi kujisifu.

Kuhusu kebo, wengi huamini ya bei kubwa hung'arisha picha. Data ya HDMI, kebo inayoleta picha kwenye skrini, ama inafika ama inakatika, na ikikatika utaona picha inazimika au inatoa vidoti. Kinachohitajika ni uwezo wa kubeba: HDMI 2.0 inabeba gigabiti 18 kwa sekunde, zinazotosha 4K (picha ya pikseli 3840 kwa 2160) kwa hezi 60, na HDMI 2.1 inafika gigabiti 48. Angalia pia tundu lenyewe. Kwenye runinga nyingi si matundu yote yanayopokea 4K kwa hezi 120, na mara nyingine lazima uliruhusu tundu hilo kwenye menyu kwanza.

“4K ni 4K, kubwa ndiyo bora”

Idadi ya pikseli ni ileile, ila zimetandazwa. Monita ya 4K ya inchi 27 ina pikseli 163 kwa kila inchi. Runinga ya 4K ya inchi 55 ina 80. Ukikaa mita mbili na nusu, runinga hiyo ni safi kabisa. Ukiiweka mezani, sentimita 60 kutoka usoni, herufi zinaanza kuonyesha meno, na shingo inageuka huku na huku kutafuta ramani kwenye kona ya gemu.

Herufi za runinga zina balaa lingine. Runinga ikipokea rangi zilizobanwa, yaani mwangaza kamili lakini rangi robo tu, maandishi mekundu membamba juu ya buluu yanavuja kama wino kwenye karatasi yenye unyevu. Filamu haikuonyeshi hilo, lakini jedwali la hesabu litakuonyesha mara moja. Dawa yake kwa kawaida ni kulipa tundu lenye kompyuta jina la PC kwenye menyu. Na kama saa ya Windows pale kona ya chini imekatwa nusu, runinga inapanua picha na kukata kingo, tabia iliyobaki tangu enzi za vioo vya chogo. Tafuta mpangilio wa ukubwa wa picha uuzime.

Upande wa HDR, yaani picha zenye mwanga mkali zaidi na giza zito zaidi, mambo yanageuka. Watu hudhani monita yenye neno HDR kwenye boksi inashinda. Mara nyingi neno hilo lina maana kwamba inapokea tu mawimbi hayo. Ngazi ya cheti kiitwacho DisplayHDR 400 inataka mwangaza wa niti 400 (niti ni kipimo cha mwangaza), na haidai taa za nyuma zizimike sehemu kwa sehemu. Kwa kioo cha IPS, aina iliyozoeleka kwenye monita, chenye tofauti ya weupe na weusi ya kama 1000 kwa 1, usiku wa filamu unabaki kijivu. Kwa kutazama filamu gizani mimi naichagua runinga ya OLED, ambayo kila pikseli hujiwakia na kujizima yenyewe, bila kusita.

Hata hivyo mwenye monita ana jambo zuri la kufanya. Filamu nyingi ni fremu 24 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki kwa 24, ndiyo maana kamera ikizunguka polepole picha inajikwaa. Weka monita hezi 120 au 144: kila fremu inakaa mara 5 au mara 6 sawasawa.

Kukaa karibu na kioo hakuharibu macho ya mtu mzima. Kunayachosha, kwa sababu tunapokodolea skrini tunapepesa macho mara chache na yanakauka.

Na OLED, je, lazima iungue? Mstari wa chini wa Windows ukikaa palepale kwa maelfu ya saa, ndiyo, unaweza kuacha alama. Ufiche, badilisha mandhari iwe nyeusi, na ukimaliza kutumia izime kwa rimoti bila kuchomoa waya ukutani. Runinga hizo hujisawazisha pikseli zikiwa zimezimwa, na zinahitaji umeme kufanya kazi hiyo.