Mahindi ya kuchoma hayarudishi kutokwa damu utumboni

Huku Mbeya, aliyewahi kutokwa damu kwenye vifuko vya utumbo mpana (vijimfuko vinavyojitokeza ukutani mwake) huambiwa aache karanga, bisi na mahindi ya kuchoma, eti punje hunasa na kukwaruza. Si kweli. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000, haukuona walaji wa vyakula hivyo wakitokwa damu zaidi.

Damu hutoka mshipa mdogo ulio ukutani mwa kifuko unapodhoofika na kupasuka. Kinachoniuma ni kuona mtu ananyimwa karanga huku kila jioni akimeza diklofenaki ya mgongo baada ya kulima viazi. Dawa hiyo ndiyo huongeza hatari ya damu kurudi! Muulize daktari kuhusu parasetamo. Aspirini ya moyo usiiache bila ushauri wake.