Wahadzabe hawaonekani kwenye wastani

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 unatuambia kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Je, watoto wa Kihadzabe, jamii ndogo iliyo kule kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania? Hapo ripoti iko kimya. Kazi yangu ni kupanga sampuli za tafiti za namna hii, na ukimya huo unaniuma.

Chanzo chake ni hesabu. Sensa ya 2022 ilipata watu 61,741,120. Wahadzabe ni kama 1,300 tu. Utafiti ulichagua maeneo 629 ya kuhesabia watu, kila eneo kaya 26, na wanawake 15,254 wakahojiwa. Kwa uwiano huo, mwanamke wa Kihadzabe anayetarajiwa kuangukia kwenye idadi hiyo ya waliohojiwa hafiki hata mmoja. Na hata akiangukia, hatutamtambua: hatuulizani kabila, na sensa yetu iliuliza mara ya mwisho 1967. Kama raia naushukuru uamuzi huo, ila una gharama yake.

Dawa tunayo tayari. Zanzibar ina watu 1,889,773, kama asilimia 3 ya taifa, kwa hiyo huongezewa kaya kwenye sampuli kwa makusudi. Kisha, wakati wa kukokotoa wastani wa nchi, kaya hizo hupewa uzito mdogo ili zisivute matokeo upande wao. England nao waliongeza sampuli za jamii za wachache mwaka 1999 na 2004, ikaonekana wazi jinsi kisukari kinavyowaandama zaidi watu wenye asili ya Pakistani na Bangladesh. Wastani wa nchi ulikuwa umelifunika jambo hilo.

Eyasi, hata hivyo, kuongeza kaya hakutoshi. Kwetu kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, na orodha yake huandaliwa wiki kadhaa kabla ya mahojiano. Kwa wale wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, mdadisi akirudi na orodha yake anaweza kukuta kambi imeshahama. Kisha kuna umri. Udumavu hupimwa kwa kulinganisha urefu wa mtoto na umri wake kwa miezi. Mtoto asiye na cheti wala kadi ya kliniki, ukimwongezea miezi minne kwa kubahatisha, unaweza kumfanya mdumavu kwenye karatasi. Mama aulizwe kwa Kihadzabe, kwa kalenda ya mvua na matukio anayoyakumbuka yeye.

Kwa watu 1,300 mimi nisingechukua sampuli kabisa. Watoto walio chini ya miaka mitano, kwa makadirio yangu, ni kama 200. Timu moja yenye mizani, ubao wa kupimia urefu na wadadisi Wahadzabe, wazazi wakiridhia, inaweza kuwapima wote, kambi kwa kambi, na kuwapa wazazi majibu papo hapo.